Ufungaji wa plaiwudi kwenye sakafu ya mbao

Ufungaji wa plaiwudi kwenye sakafu ya mbao ni kazi ya useremala ya kushikiza mabamba ya plaiwudi juu ya boriti, au juu ya tabaka lingine la sakafu, kwa kutumia misumari, skrubu, pini za stepla na gundi. Kazi hii ni ya kawaida hasa nchini Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi za familia hujengwa kwa fremu ya mbao. Katika Afrika Mashariki sakafu nyingi ni za zege na saruji, lakini plaiwudi hufungwa sakafuni katika makontena yaliyogeuzwa maduka au ofisi, kwenye majukwaa na katika nyumba za mbao.

Uimara wa sakafu ya aina hii hautegemei unene wa plaiwudi peke yake. Unategemea pia jinsi bamba linavyoshikana na kitu kilicho chini yake. Nafasi ndogo kati ya bamba na boriti, hata ya milimita moja, inatosha kuifanya sakafu itoe mlio kila inapokanyagwa, na mtikisiko huohuo unaweza kupasua vigae vilivyobandikwa juu. Kwa hiyo kabla ya kuchagua zana au msumari, fundi hujiuliza maswali mawili: ni kitu gani kinafungwa kwenye kitu gani, na ni nguvu gani itakayojaribu kuvitenganisha.

## Matabaka ya sakafu

Sakafu ya mbao ina sehemu kadhaa zinazolaliana. Makosa mengi katika kuchagua misumari hutokea pale ambapo sehemu hizo hazikutofautishwa.

* Boriti ndizo zinazobeba uzito wote. Katika pwani ya Afrika Mashariki neno hili hutaja hasa miti ya mikoko iliyobeba sakafu na dari za nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Katika makala hii lina maana ya mbao nene zilizopangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Katika Amerika Kaskazini umbali wa kawaida kutoka katikati ya boriti moja hadi katikati ya nyingine ni inchi 16 (milimita 406).
* Tabaka la chini hufungwa moja kwa moja juu ya boriti. Hili ndilo linalopokea uzito wa watu na samani na kuupeleka kwenye boriti. Katika nyumba za zamani lilikuwa la mbao za kawaida. Siku hizi ni la plaiwudi au la bamba la vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi. Unene unaotumika sana ni inchi ¾ (takriban milimita 19).
* Tabaka la kati ni plaiwudi nyembamba, mara nyingi ya milimita 6 hadi 12, inayowekwa juu ya tabaka la chini ili kupata uso laini na sawa. Huhitajika hasa chini ya vigae na chini ya mikeka ya plastiki inayobandikwa.
* Tabaka la juu ni lile linaloonekana: vigae, zulia, mbao zilizopigwa vanishi au mkeka wa plastiki.

Tabaka la chini hufungwa kwenye boriti. Tabaka la kati hufungwa kwenye tabaka la chini. Hizi ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina msumari wake, urefu wake na mpangilio wake.

## Plaiwudi na tabia zake

Plaiwudi hutengenezwa kwa kubandika pamoja matabaka membamba ya mti yaitwayo vinia. Kila vinia hulazwa ili nyuzi zake zikatane na nyuzi za vinia iliyo chini yake, na kwa kawaida idadi ya matabaka huwa witiri: 3, 5, 7 na kuendelea. Ubao wa kawaida hupungua sana upande wa mapana unapokauka, lakini upande wa urefu haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kwa kuwa nyuzi za plaiwudi zimekatizana, kila tabaka huzuia jirani yake lisitanuke wala kusinyaa. Ndiyo sababu bamba pana la plaiwudi hubaki na umbo lake kuliko ubao mzima wa upana uleule.

Plaiwudi ya mti wa Douglas fir ilionyeshwa mwaka 1905 katika maonyesho makubwa ya mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Hata hivyo gundi za wakati huo hazikustahimili maji, na matabaka yalibanduka yalipolowa. Mwaka 1934 mkemia James Nevin wa kampuni ya Harbor Plywood huko Aberdeen, jimbo la Washington, alitengeneza gundi isiyoharibiwa na maji. Tangu hapo plaiwudi iliweza kuaminiwa katika ujenzi wa nyumba, pamoja na sakafu.

Bamba la kawaida lina futi 4 kwa futi 8 (milimita 1220 kwa 2440). Lina nguvu zaidi upande wa urefu, kwa sababu nyuzi za vinia za nje huelekea upande huo. Kwa hiyo bamba hulazwa likikatiza boriti, si likifuatana nazo. Miungano ya ncha za mabamba hupishanishwa kama matofali ya ukuta ili isipatikane yote kwenye boriti moja.

Ingawa plaiwudi ni tulivu, bado hutanuka kidogo inapopata unyevu. Kwa sababu hiyo huachwa nafasi ya inchi ⅛ (milimita 3) kati ya bamba na bamba. Msumari mnene wa kawaida unaweza kutumika kama kipimo: husimamishwa kati ya mabamba mawili wakati wa kufunga, kisha huondolewa. Mabamba yaliyobanwa bila nafasi huinuka kwenye miungano yanapovimba, na kidonda hicho huonekana hata juu ya zulia. Baadhi ya mabamba ya sakafu yana ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili. Yakiunganishwa, ukingo wa bamba moja hubeba ukingo wa jingine mahali ambapo hakuna boriti chini.

## Nguvu zinazotenganisha

Kiungo cha plaiwudi na boriti hukabiliwa na nguvu za aina tatu.

Ya kwanza ni nguvu ya kung'oa, inayovuta msumari kwenda juu. Hutokea bamba linapojikunja, au mtu anapokanyaga upande mmoja na upande wa pili ukainuka. Msumari mlaini hupinga nguvu hii kwa msuguano tu kati ya shina lake na nyuzi za mti.

Ya pili ni nguvu ya kukata, inayosukuma bamba upande upande juu ya boriti. Hutokea nyumba inapotikiswa na upepo mkali au tetemeko la ardhi, kwani sakafu ndiyo inayozuia kuta zisipinde. Hapa kinachohitajika ni chuma kinachoweza kupinda kidogo bila kukatika.

Ya tatu ni mwendo wa unyevu. Boriti zikifungwa zikiwa mbichi, hukauka baada ya nyumba kuanza kukaliwa na kusinyaa. Uso wa juu wa boriti hushuka, lakini msumari hubaki pale ulipoingia. Matokeo yake ni nafasi kati ya bamba na boriti. Mtu akikanyaga, bamba hushuka na kusugua shina la msumari. Akiondoa mguu, bamba hupanda tena. Huo ndio mlio unaosikika, na mara nyingine kichwa cha msumari hujitokeza juu ya sakafu. Tena msumari mlaini uliopigwa kwenye mti mbichi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kushika mti unapokauka.

Hakuna kifungio kimoja kinachoshinda vingine katika nguvu zote tatu, na kwa sababu hiyo mafundi huchanganya viwili au zaidi.

## Aina za vifungio

### Misumari

Msumari hutengenezwa kwa chuma laini kiasi. Ukisukumwa kwa upande hupinda kabla ya kukatika, na hiyo ni sifa njema mbele ya nguvu ya kukata. Udhaifu wa msumari mlaini ni kung'oka. Kuuondoa udhaifu huo, viwanda hutengeneza misumari yenye pete ndogo kuzunguka shina, na mingine yenye shina lililosokotwa. Shina la kusokotwa linajulikana vizuri Afrika Mashariki, kwa kuwa misumari mingi ya kuezekea mabati ina umbo hilo. Pete hushikwa na nyuzi za mti kama miiba ya ndoana, na msumari hung'oka kwa shida zaidi hata mti ukikauka.

Nchini Marekani urefu wa misumari hutajwa kwa herufi *d*, ambayo ni kifupi cha neno la Kilatini *denarius* na ilitumika kumaanisha peni ya Kiingereza. Mfumo huo hutokana na bei ya misumari 100 katika Uingereza ya zamani. Msumari wa 6d una inchi 2, wa 8d una inchi 2½ na wa 10d una inchi 3. Msomaji wa Kiswahili akikutana na namba hizo katika vitabu vya ujenzi asizidhanie kuwa ni inchi. Madukani Afrika Mashariki misumari huuzwa kwa kilo na hutajwa kwa inchi zake moja kwa moja.

### Skrubu

Skrubu ina hesi, yaani mizunguko inayojichimbia ndani ya mti. Hushinda msumari kwa mbali katika kupinga kung'olewa, na inaweza kufunguliwa tena bila kuharibu bamba. Kwa sababu hiyo skrubu hupendelewa katika kurekebisha sakafu inayolia.

Kuna mambo matatu ya kuangalia katika skrubu za sakafu.

La kwanza ni shina. Skrubu nzuri kwa kazi hii ina hesi sehemu ya chini tu, na sehemu ya juu chini ya kichwa ni laini. Sehemu laini huzunguka ndani ya plaiwudi bila kuishika, wakati hesi inaivuta boriti. Hivyo vitu viwili hubanana. Skrubu yenye hesi hadi kichwani hushika plaiwudi na boriti kwa pamoja. Ikiwa kulikuwa na nafasi kati yao tangu mwanzo, skrubu hiyo huilinda nafasi badala ya kuiondoa.

La pili ni chuma chake. Skrubu nyeusi nyembamba zinazotumika kufungia mabamba ya jipsamu hazifai kubeba sakafu. Zimefanywa ngumu sana hata zikawa dhaifu kwa kuvunjika: zikisukumwa upande upande mara nyingi, vichwa hukatika. Skrubu za sakafu huwa nene zaidi.

La tatu ni kichwa. Mfuo wa msalaba uliosambazwa na Henry F. Phillips wa Marekani katika miaka ya 1930 ni rahisi kupatikana, lakini ncha ya bisibisi huteleza na kuuharibu kazi inapokuwa nzito. Mfuo wa mraba, uliopewa hataza mwaka 1909 kwa jina la Mkanada P. L. Robertson, hushika vizuri zaidi, na ndio maana umeenea sana Kanada. Mfuo wa nyota yenye pembe sita nao hauteleshi ovyo. Kwa mtu anayefunga mamia ya skrubu, tofauti hii huokoa muda na mikono.

### Pini za stepla

Pini zenye miguu miwili hupigwa kwa mashine ya hewa au ya umeme. Kila pini hushika mahali pawili, na kichwa chake chembamba huzama bila kuacha shimo kubwa. Pini hutumika zaidi kwa tabaka la kati, hasa chini ya mikeka ya plastiki, ambako kichwa cha skrubu kingeweza kuonekana kama kivimbe.

### Gundi

Gundi ya ujenzi hupakwa juu ya boriti kwa mstari wenye upana wa takriban milimita 6 kabla ya bamba kulazwa. Kazi yake kubwa ni kuondoa mwendo: hujaza mianya midogo ambayo msumari hauwezi kuijaza, na hufanya bamba na boriti zibebe uzito kama kitu kimoja. Gundi haiondoi haja ya misumari au skrubu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyobana bamba wakati gundi inakauka. Bamba linapaswa kufungwa kabla uso wa gundi haujakauka; kwa hiyo mafundi hupaka gundi ya bamba moja au mawili tu kwa wakati. Gundi nyeupe ya samani haifai hapa, kwa sababu nyingi ya aina hiyo huwa ngumu isiyojaza mianya na hudhoofika ikilowa.

## Urefu na mpangilio

Kanuni rahisi inayotumiwa na mafundi ni kwamba urefu wa kifungio uwe mara mbili na nusu hadi mara tatu ya unene wa bamba linalofungwa. Kwa plaiwudi ya milimita 19 juu ya boriti, skrubu au msumari wa milimita 50 hadi 63 (inchi 2 hadi 2½) hutosha. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazotumika katika sehemu kubwa ya Marekani huruhusu msumari wa inchi 2½ wa kawaida au wa inchi 2 wenye pete kwa unene huo, zikiwa na umbali wa inchi 6 (sentimita 15) kwenye kingo zilizokalia boriti na inchi 12 (sentimita 30) kwenye boriti za katikati. Kila kifungio huwekwa takriban sentimita 1 kutoka ukingo wa bamba ili kisipasue plaiwudi.

Mfano. Bamba la futi 4 kwa futi 8 limelazwa likikatiza boriti zilizoachana kwa inchi 16. Urefu wa inchi 96 ukigawanywa kwa 16 unatoa nafasi 6, yaani boriti 7: mbili kwenye ncha na tano katikati. Kwenye kila ncha, inchi 48 zikigawanywa kwa 6 zinatoa nafasi 8, yaani skrubu 9. Ncha mbili zinahitaji skrubu 18. Kwenye kila boriti ya katikati, inchi 48 zikigawanywa kwa 12 zinatoa nafasi 4, yaani skrubu 5. Boriti tano zinahitaji skrubu 25. Jumla ni skrubu 43 kwa bamba moja. Chumba cha futi 12 kwa futi 16 kinahitaji mabamba 6, sawa na skrubu 258. Fundi akiongeza kidogo kwa zitakazoharibika, atanunua 300.

Hesabu hubadilika kabisa kwa tabaka la kati. Hapa vifungio huwekwa karibu karibu: takriban inchi 3 kwenye kingo zote nne na inchi 6 kila upande katikati ya bamba. Mzingo wa bamba ni inchi 288. Ukigawanywa kwa 3 unatoa vifungio 96. Katikati hupatikana mistari 15 yenye vifungio 7 kila mmoja, yaani 105. Jumla ni 201, karibu mara tano ya tabaka la chini. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini nyundo au bisibisi ya mkono inaweza kutosha kwa kazi moja, na kwa kazi nyingine mashine ikahitajika.

Urefu nao hubadilika. Tabaka la kati la milimita 12 juu ya tabaka la chini la milimita 19 lina jumla ya milimita 31. Kifungio cha milimita 25 hadi 32 hutosha. Wataalamu wengi wa vigae hushauri kwamba vifungio vya tabaka la kati visifike kwenye boriti. Boriti hupinda kidogo zinapobeba uzito na husinyaa zinapokauka. Tabaka la kati likifungwa kwenye tabaka la chini pekee, mwendo huo haupelekwi moja kwa moja kwenye vigae. Kwa sababu hiyohiyo miungano ya tabaka la kati haiwekwi juu ya miungano ya tabaka la chini. Skrubu ndefu zaidi, kwa hiyo, haimaanishi sakafu imara zaidi.

## Zana

Nyundo hutosha kwa chumba kimoja na haihitaji umeme. Nyundo yenye mdomo wa kung'olea husaidia pale msumari unapopinda. Ubaya wake ni uchovu, na misumari yenye pete ni migumu kupiga na ni migumu zaidi kung'oa.

Drili ya betri hufaa kwa skrubu. Ile yenye klachi inaweza kuwekwa isimame yenyewe skrubu inapofika kina kinachotakiwa. Kichwa cha skrubu kinapaswa kuwa sawa na uso wa plaiwudi au kuzama kidogo tu. Kikipenya vinia ya juu, sehemu ya unene wa bamba hupotea na kushika kunapungua.

Bisibisi ya umeme ya mapigo huzungusha skrubu kwa mapigo madogo ya haraka. Ina nguvu kuliko drili ya ukubwa uleule na haimsokoti mtumiaji mkono. Hata hivyo ina makelele, na ni rahisi kuzamisha skrubu kupita kiasi.

Bisibisi ya umeme ya mkanda hulishwa skrubu zilizopangwa kwenye ukanda wa plastiki. Ikiwa na mpini mrefu, fundi hufunga akiwa amesimama badala ya kupiga magoti. Ina faida kwa vyumba vingi, lakini skrubu zake ni ghali kuliko za kawaida.

Bunduki ya misumari husukumwa na hewa kutoka kwenye kompresa. Ndiyo ya haraka kuliko zote. Haibani bamba kwenye boriti kama skrubu. Kwa hiyo fundi husimama juu ya bamba karibu na mahali anapopiga. Hewa ikiwa na shinikizo kubwa mno, kichwa cha msumari huzama ndani ya plaiwudi. Fundi hujaribu kwanza kwenye kipande kisichohitajika.

Pamoja na hizo huhitajika pima maji, rula ndefu iliyonyooka, msumeno na kamba ya rangi. Kamba ya rangi ni muhimu kuliko bei yake: hupigwa juu ya bamba kuonyesha mstari wa katikati wa kila boriti. Msumari unaokosa boriti haushiki chochote, na bamba linapopanda na kushuka juu yake, msumari huo wenyewe huwa chanzo cha mlio. Fundi anayegundua kuwa amekosa huung'oa badala ya kuuacha.

## Kasoro za kawaida

* Mlio. Huonyesha mwendo kati ya bamba na boriti. Kama sakafu inafikika kwa chini, kabari nyembamba yenye gundi huingizwa kwenye nafasi taratibu, bila kuliinua bamba. Kama haifikiki, skrubu zenye shina laini juu huongezwa kwenye boriti.
* Vichwa vilivyojitokeza. Kuvigonga tena kwa nyundo hurekebisha kwa muda tu, kwa kuwa tundu limeshalegea. Ni bora kuweka skrubu pembeni na kuung'oa msumari wa zamani.
* Vigae vilivyopasuka kwa mstari. Mara nyingi mstari huo hufuata muungano wa mabamba usiobebwa vizuri.
* Plaiwudi iliyovimba. Bamba ambalo matabaka yake yamebanduka halirudishwi kwa skrubu. Hukatwa na kubadilishwa, baada ya kuziba chanzo cha maji.

## Usalama

Chini ya sakafu kunaweza kuwa na nyaya za umeme na mabomba ya maji. Katika nchi za baridi kuna pia mabomba ya kupasha sakafu joto. Kabla ya kufunga, njia za vitu hivyo hutambuliwa na kuchorwa juu ya bamba, na urefu wa skrubu huchaguliwa usizidi unaohitajika.

Katika nyumba za zamani za Amerika na Ulaya, vigae vya plastiki na gundi nyeusi iliyo chini yake huweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Vigae hivyo havipigwi msasa wala kuvunjwa kabla ya kupimwa.

Anayetumia bunduki ya misumari huvaa miwani na kinga ya masikio, na haweki kidole kwenye kitufe anapotembea. Msumari unaweza kugonga fundo la mti au msumari mwingine na kugeuka. Mkono unaoshika bamba huwekwa mbali na mdomo wa bunduki.

## Afrika Mashariki

Sakafu ya kontena la kawaida la meli ni ya plaiwudi yenye unene wa milimita 28, iliyofungwa juu ya mihimili ya chuma kwa skrubu maalumu. Kontena linapogeuzwa duka au ofisi, bamba lililoharibika hubadilishwa. Hapa skrubu ya mbao haifai: huhitajika skrubu ya kujitoboa inayoweza kupenya chuma, au chuma hutobolewa kwanza kwa drili. Mbao za sakafu za makontena mara nyingi hutiwa dawa ya kuua wadudu, na maelezo ya dawa hiyo huandikwa kwenye kibao cha chuma kilichopo mlangoni. Anayezikata hujikinga na vumbi lake.

Boriti za mbao ngumu kama mvule na mninga hupasuka au huvunja skrubu zisipotobolewa kwanza. Tundu huwa na unene wa kiini cha skrubu bila hesi. Katika plaiwudi yenyewe tundu linaweza kuwa pana kidogo, ili bamba livutwe hadi kwenye boriti.

Katika pwani, hewa ya chumvi hulisha kutu. Misumari na skrubu zilizopakwa zinki hudumu kuliko za chuma kitupu, na za chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi ingawa bei yake ni kubwa. Mbao zilizotiwa dawa zenye shaba nyingi nazo hula chuma kitupu kwa haraka. Mahali penye mchwa, plaiwudi iliyotiwa dawa na nafasi ya hewa chini ya boriti ni kinga bora kuliko kifungio chochote.

Plaiwudi ikiwekwa juu ya sakafu ya zege, kwanza hutandikwa karatasi nzito ya plastiki ili kuzuia unyevu unaopanda kutoka ardhini, kwa sharti kwamba zege limekauka vizuri. Kisha mashimo hutobolewa kwa drili ya zege na skrubu za zege hutumika. Msumari wa kawaida hupinda kwenye zege, na msumari wa zege ukipigwa karibu na ukingo huvunja saruji na kulegea. Kila tundu linalopita kwenye plastiki ni njia ya unyevu. Kwa hiyo vifungio huwa vichache kuliko kwenye boriti, na mabamba huchaguliwa yaliyonyooka tangu mwanzo.